Tashbihi Siyo Tashihisi

Jumatatu, 3 Februari

Daftari hili lilikuwa la mahudhurio ya watoto. Nusu yake ya nyuma haijaandikwa kitu, nami nina la kusema na sina wa kumwambia, basi acha lilipokee lenyewe.

Leo Mkuu wa shule aliniita ofisini akaniambia, "Mwalimu mwenzangu, kaa kwanza." Ukiona mtu anakwambia kaa kwanza, ujue heri haipo. Waraka umekuja. Kuanzia muhula ujao, yeyote anayefundisha watoto wadogo awe na cheti cha kidato cha nne chenye ufaulu wa fasihi. Cheti ninacho. Fasihi sina. Niliifeli miaka ishirini na sita iliyopita nikiwa na homa, na tangu siku hiyo hadi leo hakuna aliyeniuliza. Nimewafundisha watoto wa miaka minne na mitano kwa miaka kumi na tisa, nimewafuta makamasi watu ambao leo wana ndevu, na sasa ndiyo wanauliza.

Upo mtihani wa watu wazima, Jumamosi tarehe 5 Aprili. Shule inafunga tarehe 25. "Ukifaulu unabaki," Mkuu alisema. "Usipofaulu, dada yangu, mikono yangu imefungwa." Alikuwa anazungusha kalamu, hakunitazama. Sikumlaumu.

Nyumbani sijasema kitu. Mume wangu ni fundi cherehani, lakini ana mtoto wa jicho macho yote mawili, na cherehani imefunikwa shuka mwaka wa pili huu. Tunakula kwa darasa langu. Na binti yetu anaondoka tarehe 5 Mei kwenda chuo cha upimaji ardhi. Atakuwa wa kwanza katika ukoo wetu kupima kitu kisicho kitambaa.

Jumanne, 4 Februari

Nimesema. Mume wangu alipapasa meza akitafuta kikombe chake, akasema, "Utafaulu tu." Binti yangu alicheka.

Huyu binti tumemwita Profesa tangu darasa la tatu, kwa sababu ya kusahihisha wakubwa. Mwaka jana alipata alama ya juu kabisa ya fasihi katika shule yao, na tangu hapo hashikiki. "Mama, wewe na fasihi?" akasema. "Wewe hata barua ya mgonjwa unaanza kuisoma mwisho."

Nikamwambia mdomo huo ndio utakaokuozesha jela. Lakini iliniuma, na bado inaniuma ninapoandika.

Alhamisi, 6 Februari

Darasa la kwanza. Tunakaa saa kumi jioni kwenye madawati ya shule ya msingi, magoti yanagusa kidevu, na hili langu bovu linauma. Tuko kumi na mmoja. Jirani yangu ni mpishi wa hospitali, mwanamume mpana, anayeutaka mtihani huu ili apandishwe kuwa msimamizi wa jiko. Mwalimu wetu tumeshampa jina la Nukta, kwa sababu ukisahau nukta anakata alama, na akiongea anaweka nukta kila baada ya maneno matatu.

Riwaya tunayosoma ni *Paa la Mjane*. Kitabu cha zamani hicho. Alikisoma mama yangu, nikakisoma mimi na homa yangu, akakisoma binti yangu. Mjane ameachiwa nyumba kubwa, ndugu wa marehemu wanataka aiuze, anakataa, nyumba inabomoka kidogokidogo naye yumo ndani, mpaka paa linamwangukia. Ndiyo yote. Kurasa mia mbili na kumi za mtu kukataa kuhama.

Nukta akatusomea sentensi ya kwanza: "Nyumba ilimtazama Mjane kama mtoto aliyesahauliwa shuleni." Akauliza, "Tuna nini hapa?"

Nikanyoosha mkono. Nikasema tuna uongo. Mimi nawajua watoto waliosahauliwa shuleni, nimekaa nao hadi jioni, na hawamtazami mtu. Wanajishughulisha na viatu vyao.

Darasa likaangua kicheko, Mpishi akapiga dawati. Nukta akasubiri. "Mama. Swali siyo. Watoto hufanya nini. Swali ni. Tamathali gani." Akaandika ubaoni: tashbihi, tashihisi, sitiari, tafsida, mubaalagha, kinaya, takriri, taashira. Nikaangalia orodha ile nikahisi homa yangu ya zamani inarudi.

Jumapili, 9 Februari

Wifi yangu alikuja, dada wa mume wangu, anakuja kila Jumapili ili aone kama kaka yake bado hai mikononi mwangu. "Wifi, nasikia umeanza shule! Nikununulie soksi nyeupe?" Nikamwambia aninunulie na akili, maana kwao naona zilibaki hazijatumika.

Jumatano, 12 Februari

Profesa amekubali kunifundisha. Amenipa sharti moja: nisibishane na kitabu.

"Mama, sentensi ile ina vitu viwili. 'Kama mtoto' ni tashbihi. Tashbihi unalinganisha, na lazima uone kama, mithili ya, mfano wa. Lakini 'nyumba ilimtazama' ni tashihisi. Sikiliza neno lenyewe: hisi. Kitu kisicho na uhai kinapewa hisi za mtu."

"Mbona mmeyapa majina yanayofanana?"

"Sikuyapa mimi."

"Aliyeyapa hakuwahi kufundisha watoto. Huwezi kuwaita pacha Hasani na Hasini halafu ukampiga mtu akikosea."

Alicheka, safari hii kicheko kizuri. Kisha akanipa zoezi, nikalifanya, akachukua kalamu nyekundu akaandika chini yake: Soma swali, mama.

Jumamosi, 15 Februari

Zoezi la pili. Soma swali, mama.

Jumanne, 18 Februari

Mvua zimeanza. Watoto kumi na wanne tu ndio waliofika, na wote walitaka kukaa mapajani.

Alhamisi, 20 Februari

Nimeona ujinga wangu uko wapi. Mimi nikitaka mtoto ashike kitu namtungia wimbo. Kwa nini nisijitungie mimi? Leo nikiwa nasubiri watoto wanawe mikono nilianza kuimba peke yangu, kwa makofi:

Tashihisi, tashihisi, kitu kimepewa hisi!
Tashbihi, tashbihi, kama hiki, kama hiki!

Basi unadhani watoto wataacha? Kabla ya foleni kuisha walikuwa wameshaudaka. Tena kwa namna yao, kwa sababu meno ya mbele wengi hawana:

Tashibisi, tashibisi, kitu kimepewa bisi!

Wakaurudia mara mbili, mstari wa pili wakautupilia mbali, wakaanza kudai bisi. Nimecheka mpaka nikashika ukuta. Sikuwasahihisha. Miezi hii naokota furaha popote ninapoikuta.

Jumatatu, 24 Februari

Wimbo wa bisi sasa ndio wimbo wa foleni. Hawasimami mstari bila wimbo huo. Naimba nao.

Alhamisi, 27 Februari

Nukta alituuliza kwa nini mwandishi anarudia neno "bado" mara tisa katika ukurasa mmoja. Wengine wakasema ni takriri, akasema vyema. Mimi nikasema ni takriri, ndiyo, lakini Mjane analirudia kwa sababu kila asubuhi wanamuuliza swali lile lile, na mtu akiulizwa swali moja kila siku hujibu kwa neno moja. Nukta aliweka chaki chini. "Hilo. Halimo. Kwenye mwongozo." Akaliandika kwenye karatasi yake.

Mpishi akaninong'oneza, "Mwenzangu, umemfundisha mwalimu."

Nimerudi na mvua kichwani, na sikuisikia.

Jumamosi, 1 Machi

Zoezi la sita. Profesa ameandika: Mawazo mazuri sana. Lakini hukuulizwa hayo. Soma swali, mama.

Jumatano, 5 Machi

Tumegombana. Nilikuwa nakoroga uji, yeye ananiuliza maswali ya ghafla. "Kinaya?" Nikajibu. "Tafsida?" Nikajibu. "Mjane anaposema nyumba hii ni kaburi langu?" Nikasema ni kweli tupu. Akasema, "Mama! Ni sitiari!" Nikasema ni sitiari mpaka ukurasa wa mia mbili na nane, paa likishaanguka siyo sitiari tena. Akatupa kitabu mezani. "Unaona? Unaona unavyofanya? Wanataka neno moja tu, wewe unawapa hotuba! Watakufelisha, halafu tutafanyaje?"

Nikamwuliza hiyo "tutafanyaje" yake imetoka wapi, yeye si anaondoka? Akatoka nje, akasimama barazani kwenye mvua ya kuingia upande.

Huyu mtoto anaogopa. Nilidhani ananidharau, kumbe anaogopa.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Zoezi la tisa. Kalamu nyekundu imekwisha wino, ameandika kwa bluu. Yale yale.

Jumapili, 16 Machi

Wifi alimwambia kaka yake, nami nasikia, "Huyo akifeli mtahamia kwangu? Kwangu chumba ni kimoja." Mume wangu akamwambia anyamaze. Hajawahi kumwambia dada yake anyamaze miaka ishirini na mbili ya ndoa yetu. Nilifurahi, kisha nikafikiri: naye basi amekwisha kuona nitafeli.

Alhamisi, 27 Machi

Mtihani wa majaribio. Nimepata hamsini na nane, na ufaulu ni hamsini. Nukta alinipa karatasi mkononi badala ya kuirusha mezani. "Mama. Unaweza."

Profesa aliishika karatasi ile akaisoma yote amesimama, kisha akanikumbatia shingoni, mtu mzima mrefu kuliko mimi. Akaanza kutoa nguo zake za chuo akazipanga kitandani. Ameazima begi kwa rafiki yake. Mume wangu alipapasa begi lote, zipu kwa zipu, akasema mshono wa mpini ni mbovu, utakatika njiani. Akataka sindano. Nikamtungia uzi, akaushona kwa kupapasa, ikamchukua jioni nzima, na haukatiki ng'o.

Ijumaa, 4 Aprili

Kesho. Nimesoma mpaka herufi zinaelea. Tashihisi, hisi. Tashbihi, kama. Najua. Ninajua.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimemaliza. Niandike kabla furaha haijapoa.

Swali la kwanza, vipande vya kutambua, nimevijibu vyote. Swali la pili, la lazima, alama ishirini na tano: "Kwa mifano mitano, jadili jinsi mwandishi wa *Paa la Mjane* alivyotumia tashbihi kujenga upweke wa Mjane." Nililiangalia swali, nikasema asante Mungu, hili ni langu. Lile neno lilikuwa linaimba. Nikajaza kurasa nne. Mlango uliokohoa Mjane alipoingia. Ngazi zilizokataa kumbeba. Sufuria zilizonung'unika. Dirisha lililofumba jicho moja. Paa lililolia mvua ilipokuwa imeshakatika. Nikaeleza kwamba Mjane hana mtu wa kuongea naye, ndiyo maana nyumba inabidi ikohoe, ilie, inung'unike, ili asikie sauti. Kalamu ilikuwa inakwenda yenyewe. Sijawahi kuandika vile. Mpishi, mbele yangu, alikuwa anatoa jasho mpaka shati limemgandia.

Profesa alikuja getini na mwavuli. "Haya, niambie swali la pili." Nikamwambia, mfano mmoja mmoja, huku natembea kwa madaha, nakohoa kama ule mlango.

Akauliza, "Hayo yote umeyaandika kwenye swali la pili?"

"Yote. Kurasa nne."

Tulikuwa tumefika kwenye dimbwi la kona. Akaniambia, "Vizuri, mama." Akanishika mkono nisiteleze. Njia nzima hakuongea tena, nami nikadhani amechoka.

Jumatatu, 7 Aprili

Sijui niandikeje.

Saa nne, foleni ya kunawa mikono. Wakaanza wimbo wao. Kuna mmoja mfupi kuliko wote, haachi kuuliza, akanivuta sketi: "Mwalimu, bisi zenyewe ziko wapi? Kila siku tunaimba." Nikachuchumaa, nikamwambia, siyo bisi mwanangu, ni hisi. Nikamkatia silabi, ninavyowakatia siku zote. Sema nami: ta, shi, hi, si. Akasema: ta, shi, hi, si. Nikasema, umeona? Mwishoni kuna hisi.

Nikabaki nimechuchumaa vile vile.

Kwa sababu kwenye karatasi haikuandikwa hivyo. Niliiona mbele ya macho yangu, wino mweusi: ta, sh, bi, hi. Tashbihi. Kama, mithili ya, mfano wa. Katika mifano yangu yote mitano hakuna "kama" hata moja. Mlango ulikohoa. Ngazi zilikataa. Paa lililia. Nimewapa kurasa nne za tashihisi, nzuri, za kweli, na hawakuziuliza. Wiki sita nimeimba "tashibisi" na watoto wangu, lisilo la huku wala la huko, na nilipoliona lile neno nikasikia sauti zao badala ya kulisoma.

Nilikwenda choo cha walimu nikajifungia. Nilitapika. Kisha nikanawa, nikarudi, kwa kuwa watoto walikuwa bado kwenye foleni, mikono juu, wananisubiri.

Nyumbani nilimkuta Profesa anachambua mboga. Nikamwuliza, "Ulijua?"

Hakujifanya hajaelewa. "Nilijua, mama."

"Tangu getini."

"Tangu ulipotaja mlango."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungefanya nini? Karatasi zimeshafungwa." Alikuwa analia huku anachambua. "Nilitaka upate japo hiyo Jumapili moja."

Nimempiga kofi. Sijampiga mtoto huyu tangu ana miaka tisa. Kilio chake hakikuzidi wala hakikupungua. Akaokota majani yaliyoanguka akaendelea.

Jumanne, 8 Aprili

Nimemwomba radhi. Akasema hakuna neno. Ni neno kubwa, na lipo.

Alhamisi, 10 Aprili

Nilikwenda kwa Nukta. Anakaa chumba kimoja, vitabu vimemjaa mpaka chini ya kitanda. Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuweka nukta.

"Mama, mimi ni mmoja wa wasahihishaji," akasema. "Karatasi hazina majina, lakini ile niliijua. Nimeisoma mara mbili. Kwa miaka thelathini sijasoma maelezo bora ya nyumba ile."

Nikamwuliza, basi?

"Basi mwongozo unasema tashbihi. Nimekupa mbili. Moja ya utangulizi, moja ya mwandiko."

Nikamwuliza kama anajua watoto thelathini na wawili wanasubiri nini kwangu. Nikamwuliza kama macho ya mume wangu yamo kwenye mwongozo wake. Nilisema mengi, mengine sikustahili kuyasema kwa mwalimu wangu. Nilipotoka alinisindikiza mpaka njiani kwenye tope, na viatu vya ndani miguuni.

Alhamisi, 17 Aprili

Matokeo yamebandikwa. Arobaini na nane.

Mpishi amepata hamsini na mbili. Alitaka kuruka, akaniona, akajizuia. Akajifanya anafunga kamba za viatu, naye amevaa kandambili. Nilimpongeza.

Ijumaa, 18 Aprili

Mkuu ameandika barua ya kuniombea hadi mtihani wa mwakani. Akaipeleka mwenyewe ofisi ya elimu, kwa miguu. Wamemjibu hapo hapo dirishani: waraka ni waraka.

Jumapili, 20 Aprili

Wifi alikuja. Nikakaa tayari, nina jibu la kila kitu mdomoni. Hakusema kitu. Alifunga kanga kiunoni, akaosha vyombo vyote, akafua shuka za kaka yake, akakaa karibu yangu tukiangalia mvua. Alipoondoka akasema, "Wifi, pole." Nimekaa naye miaka yote hiyo tukirushiana maneno, na neno moja la huruma ndilo lililonivunja. Nimelia mpaka kichwa kinaniuma.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimewafundisha herufi M. Walikuwa wazuri leo.

Ijumaa, 25 Aprili

Tumefunga. Walimu waliniimbia, wakanipa kitambaa cha meza. Mkuu alijaribu kuhutubia, akaishia njiani.

Niliingia darasani peke yangu kuwaaga watoto. Nikawaambia, "Mwalimu anakwenda, sawa?" Yule mfupi akauliza, "Unakwenda chooni?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Haya, nenda, tutakaa kimya." Na kweli wakakaa kimya, vidole midomoni, thelathini na wawili, wakinisubiri nirudi. Nilifunga mlango nikaondoka. Miaka kumi na tisa, nimeondoka kwa kuwadanganya.

Jumanne, 29 Aprili

Mkuu alikuja nyumbani mchana. Nilimwona kwenye kona akiruka madimbwi, mkoba kichwani, nikasema wamebadilisha! Niliweka maji ya chai jikoni. Mume wangu alitafuta shati safi.

Akakaa. Hakunitazama. Akamtazama Profesa, akatoa karatasi ya mkataba kwenye mkoba.

"Nimekuletea nakala yako," akamwambia.

Nikauliza nakala ya nini. Nikaichukua mwenyewe mezani. Jina la binti yangu, darasa langu, kuanzia tarehe 12 Mei. Na chini, saini, ile saini yake ya kujipinda aliyojizoeza kwenye madaftari.

Mkuu akasema, "Dada yangu, alinifuata mwenyewe. Fasihi anayo. Nilimwambia akuambie, akaniomba nisubiri." Chai hakuinywa.

Alipoondoka nilimwuliza binti yangu, "Ulimfuata lini?"

"Jumatatu ile. Tarehe saba."

"Kabla ya matokeo."

"Mama, nilisikia majibu yako getini."

Kwa hiyo siku ile nilipompiga kofi, alikuwa ametoka kuniuza, hapana, sijui niseme alitoka kufanya nini. Alikuwa ameshakata shauri. Alikuwa anachambua mboga, amekwisha kuacha chuo.

Nikamwambia utakwenda chuo. Nitafua nguo za watu, nitafagia barabara, utakwenda. Akasema, "Na hilo goti lako? Na baba atakula nini, ramani?" Hakusema kwa jeuri. Alisema taratibu, anavyoniambia nisome swali.

Mume wangu, na shati lake safi, akasema, "Angalau atakuwa karibu." Nimemchukia. Najua ameogopa gizani mwake, najua hana ubaya, na nimemchukia.

Jumatatu, 5 Mei

Leo angekuwa amefika chuoni. Amelirudisha begi kwa mwenyewe.

Jumatano, 7 Mei

Nilikwenda kibandani kupiga simu chuoni. Karani amesema wanaochelewa wanapokelewa hadi Ijumaa ya tarehe 16, baada ya hapo nafasi inapewa mwingine. Sikumwambia mtu. Tarehe 12 anaanza kazi. Ina maana kutakuwa na siku tano.

Jumamosi, 10 Mei

Mvua zimekatika. Joto limerudi. Profesa anakata herufi za kadibodi mezani, haniulizi kitu, nami simwambii kitu.

Jumatatu, 12 Mei

Naandika hili kwa sababu hakuna atakayelisoma. Asubuhi, alipotoka, nilifunga mlango wa chumba nikapiga magoti, hata hili bovu, nikaomba wamshinde. Nikaomba walie, watapike, wamkimbie uwanjani, yule mfupi amng'ate. Nawajua watoto wale. Mwalimu mgeni wanamla mzima. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilirudi nyumbani wiki nzima nikilia, nikasema siwezi. Nilitaka arudi saa nne, aseme mama, siwezi. Mimi ningekuwa nimeshafunga nguo zake kwenye kanga, tungekwenda moja kwa moja stendi. Nilizifunga. Nilikaa nazo mapajani.

Saa nne ikapita. Saa sita ikapita. Mume wangu akauliza mbona nimekaa mlangoni.

Saa nane akaja Mkuu mwenyewe, mbio, anacheka, hata hodi amesahau. "Dada yangu, nimekuja kukupongeza! Umezaa mwalimu! Miaka yote sijaona siku ya kwanza kama hii. Amewapanga dakika tatu, wamekula, wamelala, wameamka. Wale wapya sita pia. Nilisimama dirishani kabisa nikisikiliza."

Nikamwuliza, "Hata mmoja hakulia?"

"Hata mmoja," akasema Mkuu.